Herufi Iliyopotea Njiani

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Warusi walioandikiana kwa kompyuta kupitia mtandao wa FidoNet walikutana na jambo la ajabu. Katika alfabeti yao iko herufi kubwa ya sauti ya N, ambayo kwa umbo haina tofauti na H ya Kilatini. Herufi hiyo ilikuwa ikiandikwa na isifike. N ndogo ilifika salama, na herufi nyinginezo, kubwa kwa ndogo, zilifika salama. Hiyo moja tu ndiyo iliyomezwa njiani. Neno lao la kusema "hapana", lilipoanza sentensi, lilifika limekatwa kichwa. Bibi aitwaye Nina alipokewa kwa jina la "ina". Wala hapakuwa na ilani yoyote kwamba kitu kimepungua: barua ilifika, saini ipo, tarehe ipo, na herufi haipo.

Wapenzi wa mashairi hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili. Mizani moja ikianguka ubeti mzima huchechemea, na anayeimba ndiye anayeaibika, si aliyenakili. Nimelileta kwa sababu lina historia yake, na historia hiyo yatuhusu kuliko inavyodhaniwa.

FidoNet haukuwa intaneti. Ulikuwa mtandao wa watu wa kawaida waliokuwa na kompyuta nyumbani, modemu na laini ya simu, wakifanya kazi hiyo kwa mapenzi tu. Kila mmoja aliendesha kile kilichoitwa ubao wa matangazo: mgeni hupiga simu kwa kompyuta yake, akasoma yaliyobandikwa, akaacha neno lake, akakata, na mwingine akapata nafasi. Mwaka 1984 Tom Jennings wa San Francisco alikuwa ameandika programu ya ubao wa namna hiyo, akaiita Fido. John Madill wa Baltimore, upande wa pili wa bara, alikuwa akiitumia programu hiyohiyo. Wawili hao wakaona: kwa nini kompyuta zetu zisipigiane simu zenyewe usiku, zikapelekeana barua, sisi tumelala?

Usiku ulichaguliwa kwa sababu ya bei. Simu za masafa Marekani zilishuka gharama wakati watu wamelala, na mwenye ubao alilipa kutoka mfukoni mwake. Ikawekwa saa moja ya barua kwa wote: saa saba ya usiku katika pwani ya magharibi, ambayo ni saa kumi ya alfajiri katika pwani ya mashariki. Saa hiyo mbao zote zilifunga mlango kwa wageni, kompyuta zikaanza kuitana.

Kuitana huko kulitegemea orodha ya vituo na namba zao za simu, na hapo ndipo hitilafu ya kwanza ilipozaliwa. Tarakimu moja ikikosewa katika orodha, mashine kadhaa hupiga simu nyumba ya mtu asiyehusika, usiku wa manane. Akiinua simu asikie mlio wa filimbi, na akiiweka chini inalia tena. Jennings mwenyewe alisimulia kisa cha aina hiyo alipoandika kumbukumbu za miaka ile ya mwanzo. Mashine haikujua kuona haya. Ilijua kujaribu tena. Orodha ikawa mzigo usiobebeka na mtu mmoja, Ken Kaplan na Ben Baker wa St. Louis wakaupokea, na mwezi Juni mwaka 1985 anwani zikagawanywa sehemu mbili: namba ya wavu wa mji au jimbo, kisha namba ya kituo ndani ya wavu huo. Barua za mji mmoja zikaweza kukusanywa pamoja na kupelekwa kwa simu moja.

Hadi hapo palikuwa na programu moja, na programu moja haigombani na nafsi yake. Lakini mtandao huu haukuwa na mwenyewe. Aliyetaka kuandika programu yake ya barua aliandika, na wengi walitaka. Ikaja SEAdog ya Thom Henderson na wenzake. Ikaja Opus ya Wynn Wagner wa Dallas. Ikaja BinkleyTerm, ikaja FrontDoor, na nyingine chungu nzima. Kila moja ilifanya jambo fulani vizuri zaidi kuliko Fido, na kila moja iliusoma utaratibu wa Fido kwa jicho la mwandishi wake.

Nitatoa mfano wa tarehe, kwani ni mdogo na waeleweka. Fido iliandika siku, mwezi, mwaka wa tarakimu mbili, kisha saa, dakika na sekunde. SEAdog ilianza kwa jina la siku ya juma, kisha tarehe, na mwisho saa na dakika bila sekunde. Namna zote mbili zilijaa nafasi ileile ya herufi 19. Programu iliyohesabu nafasi tu, bila ya kuangalia kilichomo, ilichukua jina la siku ya juma ikalifanya tarehe, na barua ya leo ikapangwa miongoni mwa barua za miaka iliyopita, mahali ambapo hakuna anayetazama. Mwenye ubao aliapa kwamba barua haikufika. Aliyeituma aliapa kwamba imepokewa. Wote wawili walikuwa wakweli.

Mfano mwingine ulikuwa mgumu zaidi kuugundua. Katika kichwa cha kila barua iliyohifadhiwa palikuwa na baiti nane ambazo mwanzoni hazikuwa na kazi kubwa. Waliofuata mwongozo wa Fido walizitumia kuandika sehemu za ziada za anwani: barua imetoka ukanda gani wa dunia, yaenda ukanda gani. Opus ilizitumia baiti nane hizohizo kuandika wakati: barua iliandikwa lini, ilifika lini. Sasa weka programu mbili hizo katika kompyuta moja, zikichangia sanduku moja la barua, kama ilivyokuwa kawaida ya watu wengi. Moja yaandika saa. Nyingine yaisoma saa hiyo kama nchi. Barua yatafutiwa ukanda ambao haumo duniani.

Aliyetaka kuujua ukweli ilimlazimu afungue furushi lenyewe. Barua zilisafiri zimefungwa pamoja, na furushi lilianza kwa baiti 58 zenye namba za mtumaji na mpokeaji, tarehe, na neno la siri la herufi nane. Mtaalamu alilizuia furushi lisiguswe na programu yoyote, akalitazama baiti kwa baiti, kidole juu ya kioo, akihesabu: hapa wavu, hapa kituo, hapa alama ya kwamba barua yaanza, hapa sifuri ya kwamba jina limekwisha. Ni kazi ya mhakiki wa miswada hasa. Naye hakuruhusiwa haraka, kwa maana kosa lililoonekana katika barua ya tatu mara nyingi lilikuwa limezaliwa katika ya pili, ambayo haikufungwa vizuri.

Na katika baiti 58 hizo ndimo lilimokaa kosa kubwa kuliko yote ya mtandao huu. Palikuwa na nafasi ya namba ya wavu na namba ya kituo. Nafasi ya ukanda haikuwamo. Waliobuni furushi walikuwa Marekani wakiwaandikia watu wa Marekani; ukanda wa nini? Ulaya na pande nyingine za dunia zilipoingia na dunia ikagawanywa kanda, Marekani ya Kaskazini ikawa ukanda wa kwanza, Ulaya wa pili, na Afrika hatimaye ukawa wa tano. Programu ya zamani iliyopokea furushi lisilotaja ukanda ilidhani kwamba barua ni ya kwake. Kwa mtu wa ukanda wa kwanza, dhana hiyo ilikuwa sahihi karibu siku zote, naye hakuona kasoro. Kwa mtu wa mbali ilikuwa mbaya kila alipoandika nje.

Tiba zilizotafutwa zinapendeza kwa unyenyekevu wake. Hapakuwa na mamlaka ya kuamuru vituo vyote vibadili programu siku moja. Kamati ya kiufundi ya FidoNet iliandika yale yaliyokwisha kuwa desturi, na mwongozo wa msingi, ulioandikwa na Randy Bush, ulikuwa kama sarufi inayoandikwa baada ya lugha kusemwa. Basi anwani kamili ikafichwa ndani ya barua yenyewe, katika mistari iliyoanza kwa alama isiyoonekana, ambayo msomaji haoneshwi lakini mashine yaisoma. Programu isiyoifahamu mistari hiyo ilitakiwa iipitishe kama ilivyo. Zilizotii zilikuwa madaraja mema hata zilipokuwa kongwe. Zilizojifanya kusafisha, zikaona mstari usiojulikana na kuufuta, ndizo zilizoleta balaa.

Wengine wakatumia hila nzuri zaidi ndani ya furushi. Programu mpya iliandika neno moja dogo la kueleza inaweza nini, kisha ikaliandika tena mahali pengine limegeuzwa, baiti ya nyuma mbele. Programu pokezi iliyolijua jambo hilo ililinganisha. Yakilingana, iliamini kwamba namba za ukanda zilizo jirani ni za kweli. Yasipolingana, ilijua kwamba hapo pana takataka tu za programu ya kale, ikasoma furushi kwa desturi ya zamani. Hakuna aliyekatazwa kuingia kwa sababu ya ukongwe.

Vivyo hivyo katika kubisha hodi. Programu za Fido ya awali zilikuwa na namna yake ya kujitambulisha katika simu. Opus na BinkleyTerm zikaleta namna nyingine, na baadaye ikaja ya tatu. Modemu ikishapokewa, mashine hubisha kwa namna mpya, husubiri kidogo, hubisha kwa namna nyingine, na mwisho hurudi kwa hodi ya kale ambayo kila kituo kilipaswa kuijua. Makosa mengi hapa yalikuwa ya subira. Mmoja alisubiri sekunde chache mno, akakata wakati mwenzake ndiyo kwanza afungua mdomo. Ilitengenezwa kwa kubadili namba moja katika faili la mipangilio, baada ya usiku mwingi wa kusoma daftari za mashine.

Mwaka 1986 Jeff Rush wa Dallas alileta barua za hadhara. Ujumbe mmoja ulinakiliwa kutoka kituo hadi kituo, na chini yake iliandikwa orodha ya vituo vilivyokwisha kuuona, ili usirudishwe ulikotoka. Programu iliyokata orodha hiyo kwa kuona yajaza nafasi bure ilisababisha ujumbe uzunguke, urudi, uzunguke tena, na kila mzunguko ulilipiwa simu. Mafurushi nayo yalibanwa yapungue ukubwa, kwanza kwa ARC ya kampuni ya Henderson. Baada ya kesi ya mwaka 1988 kati ya kampuni hiyo na ile ya Phil Katz, Katz alitoa ZIP mwaka 1989, na kwa muda mrefu vituo vikapokea mafurushi visivyoweza kuyafungua. Lakini hilo angalau lilikuwa kosa linalopiga kelele. Mtu aliona furushi limelala, akampigia mwenzake simu, wakapatana.

Niirudie herufi ya Warusi. Kompyuta za siku zile zilikipa kila kitu kiandikwacho namba moja kati ya 256. Nusu ya kwanza ilishikwa na Kilatini kisicho na alama. Nusu ya pili kila taifa lilijipangia. Mwongozo wa FidoNet ulisema kwamba namba 141 ni alama laini ya mwisho wa mstari, ile inayowekwa na mashine yenyewe inapokunja maandishi, na ya kuwa yafaa ipuuzwe. WordStar, programu ya uandishi iliyoenea sana wakati huo, iliitumia namba hiyohiyo kwa kazi hiyohiyo. Kwa mwandishi wa Kiingereza lilikuwa jambo jepesi, maana hakuna herufi yake iliyokaa hapo. Lakini katika mpangilio wa herufi uliotumiwa na Warusi, 141 ndiyo ile N kubwa. Programu ziliifuta kwa utiifu kamili. Hapakuwa na hitilafu. Kila kitu kilifanya kazi kama kilivyoandikwa, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumlaumu mtu.

Warusi walifanya nini? Walijua kwamba hawawezi kubadili kila kituo kilicho kati yao na wasomaji wao. Wakachukua H ya Kilatini, ambayo kwa jicho ni sawasawa na herufi yao, wakaiweka mahali pake. Programu zikaundwa za kubadili zenyewe. Ikawa adabu ya mtandao, na mgeni alifundishwa mapema. Jicho liliridhika. Mashine haikuridhika, kwa kuwa kwake hizo ni herufi mbili zisizo na udugu: aliyetafuta jina la Nina kwa herufi ya Kirusi hakulipata, na kupanga majina kwa alfabeti kulimtupa Nina mbali na nduguze.

Nani alilipa gharama ya kutoelewana huko? Si aliyeandika mwongozo. Ukanda ulisahauliwa na aliyekaa ukanda wa kwanza, na herufi ilifutwa na asiyekuwa nayo. Sidhani kwamba palikuwa na dharau. Palikuwa na mtu aliyeutazama mtaa wake akadhani ameiona dunia, na aliye nje ya mtaa akajirekebisha.

Hata majina ya watu yalipimwa kwa kipimo hicho. FidoNet ilitoa nafasi ya herufi 35 kwa jina. Lakini waliotaka kupunguza muda wa simu walichukua barua zao zote kwa mkupuo katika furushi la aina ya QWK, wakazisoma simu imekwisha kukatwa, na QWK ilitoa herufi 25. Kwa jina la Kimarekani zatosha na kubaki. Mwanakhamis Abdulrahman Suleiman angetoka humo akiwa Mwanakhamis Abdulrahman S, babu amebaki mlangoni.

Sisi wa pwani jambo hili tulilikuta mapema, na bila ya modemu. Waliotunga kwa Kiswahili kwa karne kadhaa waliandika kwa hati ya Kiarabu, hati iliyotengenezwa kwa ajili ya lugha isiyo na p, wala v, wala ch. Mnakili akaandika kwa b kilichosemwa kwa p, na kwa f kilichosemwa kwa v. Na palipo na mb mara nyingi aliandika b peke yake, akamwachia msomaji auone simba pasipoandikwa ila siba. Ilifanya kazi kwa kuwa msomaji alikuwa mtu, aliyeujua utenzi kabla ya kuusoma. Baadaye wakatokea waliokopa herufi za Kiajemi na Kihindi na kuongeza vitone. Mwenye kusoma miswada hiyo leo akibishana kama neno ni paa au baa, ajue kwamba ndugu zake wa Moscow walikuwa na ugomvi wa ukoo mmoja na huo.

Mtandao huu ulifika kwetu pia, na haukuja kwa mchezo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Afrika Kusini ikiwa chini ya vikwazo, wahandisi wa Chuo Kikuu cha Rhodes walipata njia ya kupeleka barua nje kwa kupitia kituo cha FidoNet kilichokuwa nyumbani kwa Randy Bush, yule wa mwongozo, huko Portland katika jimbo la Oregon. Njia hiyo ilitumika hadi laini kamili ya intaneti ilipowashwa Novemba 1991. Nairobi, asasi ya Environment Liaison Centre International iliendesha kituo kilichounganishwa na GreenNet ya London; Kampala, Chuo Kikuu cha Makerere kilikuwa na chake; na madaktari wa nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwamo, walipata majarida ya utabibu kwa HealthNet, iliyotumia programu za ukoo wa Fido pamoja na setilaiti ndogo iliyopita juu mara chache kwa siku.

Huku simu ya kimataifa haikuwa tena suala la punguzo la usiku. Laini zilikatika katikati ya furushi, na programu isiyojua kuendelea ilipoachia ilianza upya, ikilipisha upya. Na mpaka kati ya FidoNet na intaneti ulikuwa na mtego wake. Fido iliandika anwani kwa tarakimu, intaneti kwa majina marefu yasiyoenea katika nafasi ya jina la mpokeaji. Desturi ikawa hivi: barua iandikiwe lango, na mstari wa kwanza wa barua yenyewe uwe na anwani ya kweli. Daktari aliyeanza barua yake kwa salamu, kama alivyofunzwa na wazazi wake, aliifanya salamu kuwa anwani, na lango likashindwa kujua imwendee nani. Wenye vituo walibandika maelekezo: kwanza anwani, acha mstari mtupu, ndipo usalimu. Watu wakazoea.

Baada ya katikati ya miaka ya 1990, vituo vilipokuwa zaidi ya 30,000 katika orodha, intaneti iliingia majumbani na orodha ikaanza kupungua mwaka hadi mwaka. Namba za herufi zilipanuliwa, na leo kila alfabeti ina nafasi yake bila kunyang'anyana. Hata p na ch za hati yetu ya zamani zimo. Lakini mazungumzo ya Warusi wa miaka ile yamehifadhiwa kama yalivyoandikwa. Anayeyapekua sasa kutafuta sentensi iliyoanza kwa neno "hapana" inampasa atafute mara mbili: mara moja kwa herufi ya Kirusi, na mara ya pili kwa ile H ya kuazima.